Mlango Uliopimwa kwa Kimo cha Baba

Baba yangu alikuwa mfupi, tena mtu wa haraka. Alipohamia Rumonge kutoka Ujiji na kujenga nyumba yetu, alisimama mahali pa mlango, akaweka kiganja juu ya kofia yake, akaamuru boriti ikae hapo. Alisahau kwamba ameoa mwanamke mrefu wa milimani. Mama alizoea kuinama. Sisi watoto wawili, kaka yangu na mimi, tulimfuata mama kwa urefu, na baba akafa kabla hatujamaliza kukua.

Mimi niligonga ile boriti tangu usichana wangu. Niligonga nikitoka kutawadha, niligonga nikikimbilia chungu kinachofurika. Siku moja niligonga nikiwa na mtungi kichwani, nikaloa hadi miguuni, na mtungi ukabaki vigae. Mama aliipaka boriti mawese ili mchwa wasiile, kwa hiyo uvimbe wa paji langu ulikuwa unang'aa. Wachumba walikuja, wakatazama juu, wakaaga. Nilimsihi mama tuite fundi aupandishe ule mlango.

"Mukono ya baba yenu iko pale," alisema. "Nani ataitoa?"

Yakaishia hapo.

Kaka hakugonga hata mara moja, na alikuwa mrefu kunipita. Alikuwa mvuvi wa ndagala. Akirudi kutoka ziwani alipitia uani, na akifika tu penye kinu cha mama, hatua tatu kabla ya mlango, alianza kuinama. Anasema, "Hodi, mama," na amekwisha kuingia.

"Wewe unainama ukisha kufika," aliniambia. "Inama kwenye kinu, mudogo yangu."

Nilimwonea wivu kwa hilo mpaka nikamchukia. Sifichi.

Ndiyo maana siku aliyogonga nilicheka hadi nikakaa chini. Ilikuwa mchana kweupe, jua limewaka. Alipita kinu akiwa wima, akaenda moja kwa moja na paji lake kwenye boriti, akabaki pale akiishika kama anauliza imetoka wapi. Nikamwambia leo umekuwa mimi. Keshokutwa yake akagonga tena. Nikawaita majirani. Nikasema kaka ameona binti wa watu huko Minago, macho hayatazami tena njia. Na yeye alicheka pamoja nasi, ila alichelewa kidogo kuanza kucheka.

Kisha akaanza kusinzia na tonge mkononi.

Wakati ule serikali ya Wadachi ilikuwa ikituma watu nyumba kwa nyumba kushika shingo za watu, kutafuta vivimbe vya malale. Sote tulijua malale. Tulijua pia kwamba wanaochukuliwa kambini hawaonekani wakirudi, au sisi hatukuwaona. Walipofika kwetu, kaka alikuwa amelala chumbani. Mama alinitazama. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni, nikainama vizuri kuliko siku zote, nikasema yuko ziwani. Wakaenda zao.

Miezi ilipita hivyo. Majuto ni mjukuu, husemwa, huja kinyume. Yangu hayakungoja, nilikuwa nayo kila niliposikia kile kishindo cha paji na mti. Mama hatimaye akamwita fundi. Boriti ya baba ilishuka asubuhi moja, na mama akaifungia mwenyewe kwenye mkeka. Mlango ukawa mrefu, ukawapitisha watu wawili wanaombeba mtu wa tatu, kwa sababu hivyo ndivyo kaka alivyotoka kwenda kambini.

Kambini walimchoma sindano. Wengine ziliwasaidia. Yeye alianza kukaa macho mchana kama mtu asiyeumwa, tukashukuru Mungu. Baadaye akaniuliza kwa nini nakuja gizani. Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Bwana mganga alisema dawa wakati mwingine huchukua macho, na ugonjwa ulikuwa umekaa sana mwilini kabla hajaletwa. Alisema hivyo kwa upole, bila kujua anamwambia nani.

Nilikwenda kumtazama kila Jumatatu. Banda lao lilikuwa paa la nyasi juu ya nguzo ndefu, halina ukuta wala mlango. Jumatatu moja nilimtoa nje kuota jua, na tuliporudi nikamshika mkono kumwingiza. Mguu wake ukagusa kigogo walichokuwa wakikalia wagonjwa. Akasimama. Akaachia mkono wangu, akaanza kuinama polepole, chini kabisa, kama pale kwenye kinu.

"Hodi, mama," alisema.

Nilitaka kumwambia huku hakuna mlango, simama tu. Akanyanyua mguu, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mgongo umepinda, juu yake pakiwa patupu.

"Karibu, kaka," nilisema.

"Nimepita?"

"Umepita."

Akanyooka, akapapasa paji lake.

"Unaona," alisema, "leo sikugonga."