Viazi vya Ubalozini

Sikumpenda tangu aliposhuka kwenye gari. Mtu anayetafuta viazi huku kwetu Kibirichia huanza na bei. Huyu aliuliza choo kiko wapi, na si kwa sababu alikuwa amebanwa. Alitaka kuona kama kina maji ya kunawa. Kisha akasimama katikati ya shamba langu, simu mkononi, akapiga picha za mipaka.

Alisema kampuni yake iko Nairobi na hupeleka mboga na viazi kwenye jikoni za balozi na mikahawa ya mashirika ya kimataifa. Kikundi chetu cha wanawake wanane kikipita ukaguzi, wangenunua kwetu kila msimu, kwa kilo, kwenye mizani. Tungeachana na madalali wanaoshindilia gunia la lumbesi mpaka linaota kichwa cha pili, kwa bei ile ile ya gunia moja. Jirani yangu, mjane mwenye shamba dogo kuliko sisi sote, alipiga makofi. Mimi nilijiuliza mabalozi wamekosa nini huko mjini mpaka watutafute sisi.

"Nitarudi baada ya mwezi," yule mkaguzi akasema. "Nitataka kuona rekodi za dawa. Mlinyunyiza nini, siku gani, kwa shamba gani."

Hapo machale yakanicheza. Amechukua picha za mashamba, amechukua namba za vitambulisho, na sasa tuandike wenyewe kwamba tunatia dawa kwenye chakula cha wageni? Balozi akiumwa na tumbo, kitabu ni hicho na sahihi ni zetu. Huo mtego niliuona mimi peke yangu, wengine walikuwa wakicheka tu.

Mimi ndiye katibu, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne. Nikawaambia wenzangu, "Hakuna mtu kuongea mambo ya dawa. Kitabu niachieni mimi." Jirani yangu alitaka kusema neno, nikamkata.

Asubuhi ya ukaguzi nilinunua daftari, nikaketi na kikombe cha chai. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimejaza miezi mitatu ya mashamba manane. Kupanda, kupalilia, samadi. Dawa: hakuna. Nilijiona mjanja kweli.

Mkaguzi alisoma polepole, akipitisha kidole kwenye karatasi.

"Mama, na hii mvua yote, na hii ukungu, hamjanyunyiza hata mara moja?"

"Sisi hatutumiangi dawa, madam. Ni mbolea ya ng'ombe tu."

"Miezi tatu, kalamu moja. Na hii kitabu haijawahi shikwa na mkono iko na udongo."

Hakupandisha sauti. Alisema dawa nyingi zinazotumika huku zinaruhusiwa. Alichotaka kujua ni kama tulingoja siku zinazotakiwa kabla ya kuvuna. Kisha akanitazama kwa jicho lile lile nililomtazamia mimi siku ile ya kwanza.

"Sasa sijui ni nini ingine mmeniandikia," akasema.

Jirani yangu akafungua mdomo. Nikamfinya mkono. Mkaguzi akanirudishia daftari, akaingia kwenye gari, akaondoka.

Jirani hakunigombeza. Alinivuta hadi kwenye ghala lake na kunionyesha mlango kwa upande wa ndani. Kwa makaa, alikuwa ameandika kila siku aliyonyunyiza, jina la dawa kama lilivyo kwenye pakiti, na siku aliyovuna. Mistari mingine ilikuwa imefifia, mingine bado myeusi. Alikuwa akiandika hivyo tangu mumewe afariki, ili asichanganyikiwe. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Hebu tumpigie simu," nikasema. "Hajafika mbali. Arudi aone."

"Aone nini?" Alianza kuufunga mlango. "Atajuaje hii si wewe umeandika leo asubuhi?"