Hodi Katika Chumba Kitupu

Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wa ofisi yake kwa ufunguo aliokuwa ameushika mwenyewe, shangazi yake Futi alibisha hodi.

Aligonga kwa kifundo cha kidole, akasema "Hodi" kwa sauti ya mtu anayejua kuwa wenyeji bado wamelala, kisha akasubiri. Hakusubiri sana. Kiasi cha mtu aliyekaa kuinuka na kuweka nguo yake sawa. Ndipo alipoingiza ufunguo na kuingia katika chumba ambacho hakikuwa na mtu.

Wanafunzi walimbandika jina la Bi Hodi. Walimwigiza mbele ya kabati, mbele ya choo, mbele ya sufuria za jikoni: "Hodi humu ndani!" Naye alicheka pamoja nao mpaka machozi yakamtoka. Siku moja mkuu wa shule, mtu wa mizaha asiyejua kunyamaza, alimkuta mlangoni akisubiri.

"Hivi, mama yangu, siku mtu akijibu utafanyaje?"

Shangazi hakutabasamu. "Nitaingia," alisema.

Mkuu akashuka ngazi.

Shangazi alikuwa mwalimu wa ushauri. Jiografia alikwisha kuiacha zamani, alipofiwa na mume, kwa kuwa, kama alivyosema, hakuona faida ya kuwafundisha watoto mito ya dunia ilhali hawajui wao wenyewe wanaelekea wapi. Akapewa chumba cha mwisho ghorofani, jirani na stoo ya madawati mabovu. Kilikuwa na dirisha moja, meza moja, viti viwili na kabati la vijitabu vya vyuo. Humo aliwapokea vijana wa mwaka wa mwisho, mmoja mmoja, kizazi baada ya kizazi. Alijua chuo kipi kinafundisha na kipi kinajisifu tu kwenye matangazo. Alijua gereji ambayo kijana hutoka fundi, na ile ambayo hutoka mfagiaji. Mahafali yalipokaribia, ungemkuta na pini mdomoni akipunguza joho la mtu, huku akimnong'oneza mwenye joho amwalike baba yake hata kama hawasemezani.

"Mahafali ni siku moja," alizoea kusema. "Siku inayofuata ndiyo ndefu."

Kwa hiyo aliwaandaa kwa hiyo siku inayofuata, na njia yake hakuwa nayo mwalimu mwingine. Alimkalisha kijana kwenye kiti cha wageni, akamwambia afumbe macho.

"Miaka kumi imepita. Umeamka. Unaona nini kwanza?"

Hakutaka siku ya harusi, wala siku ya kupewa tuzo. "Hizo ni picha za ukutani," aliwaambia. "Mimi nataka siku ya kufua nguo." Kijana alianza kwa kubabaika, akicheka, kisha sauti yake ilishuka, akaisimulia ile siku yote, kuanzia kitandani, kazini, mpaka jioni. Shangazi alisikiliza. Mwisho alisema: "Haya, zima taa ulale." Kijana alifumbua macho, akasimama, akakisukuma kiti chini ya meza. Hilo lilikuwa sharti. Anayesahau aliitwa arudi hata kama amekwisha fika getini.

"Kiti, mwanangu. Usiniachie mtu humu."

Walidhani ni utani.

Mtu aliyejua njia hii kuliko wote alikuwa binti wa kaka yake, aliyefundisha hesabu ghorofa ya chini. Nyumbani walimwita Futi, kwa sababu utotoni aliiba futi ya fundi cherehani akapima kila kitu: milango, kuku, pua ya baba yake aliyelala. Hata alipofika arobaini na kitu, akiwaza jambo, vidole vyake vilitambaa juu ya meza shubiri kwa shubiri, vikipima bila ya yeye kujua.

Futi naye aliwahi kukikalia kile kiti. Alikuwa mwaka wa mwisho, na shangazi yake alimtendea kama wengine wote: fumba macho, umeamka, unaona nini? Aliona mlango wa buluu uliobanduka rangi kwa chini. Aliona mbwa asiyebweka. Aliona viatu vyake vya matope vimekaa kizingitini, akavivaa, akabeba begani chombo cha miguu mitatu cha wapima ardhi, akapanda kilima. Alikuwa amefika saa sita mchana, amekaa juu ya jiwe anakula, mlango ulipogongwa kwa nguvu. Tarishi wa shule alikuwa anahema. Baba yake Futi ameanguka kazini, upande mmoja wa mwili haunyanyuki.

Walitoka mbio wote wawili, mtoto na dada wa mgonjwa. Kiti kilibaki kama kilivyovutwa.

Baba hakufa, ila hakusimama tena. Futi akachagua chuo cha ualimu kilichokuwa karibu na nyumbani, ili jioni awepo kumgeuza kitandani. Miaka ikaenda. Baba alipofariki akamzika, naye akabaki palepale. Kazi ya ualimu haikumchukia na yeye hakuichukia. Yale ya mlango wa buluu hakumsimulia mtu yeyote, na shangazi hakuyataja tena.

Mwaka ule, miezi michache kabla ya mahafali, miguu ya shangazi ilivimba na pumzi ikamwia nzito. Daktari alimkataza ngazi. Mkuu akamwomba Futi akishike chumba mpaka vijana watakapoondoka.

"Sina kipaji cha shangazi," Futi alisema.

"Huhitaji kipaji. Wakalishe, wafumbe macho, wakimaliza watoke. Na kama utabisha hodi, tafadhali mimi nisiwepo."

Hakubisha. Aliona haya kugonga mlango wa chumba kitupu mbele ya watoto. Aliingiza ufunguo, akafungua, akaingia, na kitu cha kwanza alichokiona ni kiti cha wageni kimevutwa kutoka mezani, kimegeuzwa kidogo kuelekea mlangoni, kama cha mtu aliyesikia nyayo akageuka.

"Ah, hicho," alisema mama wa usafi, akiegemea fagio lake. "Hicho kina tabia, mwalimu. Jioni nakirudisha, asubuhi nakikuta hivyo. Nilimwambia Bi Hodi, akaniambia nisikigombeze."

Futi alicheka. Mama wa usafi hakucheka. Alichukua ndoo yake akateremka.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha akaja Twiga, binti mrefu kuliko walimu wote, ambaye shule nzima ilijua anachokitaka. Alitaka kuoka mikate. Wenzake walimtania kwamba atafaa kwa matanuri ya juu, naye akawajibu kwamba wao watafaa kwa kununua. Tayari alikuwa na nafasi katika chuo cha waokaji, na kilichobaki ni kuithibitisha kabla ya Ijumaa, maana aliyechelewa nafasi yake ilipewa mwingine. Kukalia kiti ilikuwa ni kutimiza desturi tu.

"Fumba macho," alisema Futi. "Umeamka. Unaona nini kwanza?"

Twiga alitabasamu. Kisha tabasamu lilimtoka taratibu, kama maji yanavyonywea mchangani.

"Kuna mlango," alisema. "Wa buluu. Umebanduka rangi huku chini."

Futi aliinua uso.

"Kuna mbwa, ananitazama tu, habweki. Viatu vyangu viko kizingitini, vina matope. Nimebeba kitu begani, kizito... kina miguu mitatu. Sijui kinaitwaje. Napanda kilima." Sauti haikuwa ya Twiga. Haikuwa nene wala nyembamba kuliko yake. Ilikuwa ya mtu mtulivu aliyezoea kuongea peke yake. "Nimekaa juu ya jiwe. Nakula. Jua liko utosini."

"Kisha?"

"Basi." Twiga alikunja uso, macho bado yamefumba. "Hakuna zaidi. Ni saa sita. Ni saa sita tu, siku zote."

Alipofumbua macho yalikuwa yanang'aa. "Mwalimu, nimebadili mawazo. Mikate siitaki tena. Hicho cha miguu mitatu ni cha kazi gani?"

"Cha kupima ardhi," Futi alijibu.

"Basi ndiyo hiyo. Ile nafasi wampe mwingine."

Baadaye Futi alijuta kwamba jambo la kwanza alilolisikia moyoni halikuwa hofu. Lilikuwa furaha. Chuo cha wapima ardhi alikijua. Kijitabu chake kilikuwa kabatini, na mkono wake ulikwisha kukigusa. Kwa nini yale maisha yaoze bure? Mtu mmoja aliyakosa, mwingine na ayaishi. Aligeuka na kijitabu mkononi, akamwona Twiga ameinama mezani akiwaza, na vidole vyake virefu vinatambaa juu ya mbao, shubiri kwa shubiri, vinapima.

Futi alikirudisha kijitabu kabatini. "Njoo kesho," alisema. "Usimwambie mtu wa chuo chochote mpaka kesho. Na urudishe kiti."

Twiga alikisukuma. Kiligoma. "Kimekwama, mwalimu," alisema, akaondoka akipiga mluzi, na kiti kikabaki kimevutwa.

Mchana huohuo Futi alikwenda kwa shangazi. Alimkuta amekaa kitandani, mito mgongoni, dirisha wazi, miguu imefunikwa shuka. Alimsimulia yote. Shangazi alimsikiliza kama alivyowasikiliza watoto, bila kumkatiza.

"Ulibisha hodi ulipoingia?"

"Sikubisha."

"Ndiyo maana. Umeingia bila hodi, akajua hakuna anayemjali, akatafuta pa kwenda. Mtoto wa watu ndiye aliyekuwa njiani."

"Nani, shangazi?"

"Hujui? Uliyemwacha kitini siku baba yako alipoanguka." Alipumua kwanza ndipo akaendelea. "Kosa langu na lako, tulitoka mbio. Tulipomaliza hospitali nikarudi kuchukua mkoba wangu. Nikafungua mlango tu hivi, nikahisi nimemkuta mtu hajajiandaa. Tangu siku hiyo nabisha."

Futi alikumbuka kwamba ni kweli. Alipokuwa mwanafunzi, shangazi hakuwa akibisha. Watu walisema alibisha tangu zamani, lakini zamani hiyo ilikuwa na mwanzo.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulikuwa unamgeuza baba yako kitandani. Ningekuambia kuna wewe mwingine amekaa juu ya jiwe anakula, jua haliendi?" Alimshika mkono. "Sikuwa na moyo huo. Nikasema nitamtunza mimi. Ni mpole. Hana neno. Amechoka na saa sita, basi."

"Twiga atapoteza nafasi yake Ijumaa."

"Atapoteza na mengine, na wala hatajua kuwa hakuyachagua yeye. Nenda kamalizie siku yako, Futi. Mtu hawezi kulala kama jua liko utosini."

Futi alirudi shuleni jua likiwa bado juu. Wanafunzi walikuwa uwanjani wakifanya mazoezi ya kuandamana kwa mahafali, na sauti ya mkuu ilipanda ghorofani ikiwafokea wanaotembea kama bata. Alisimama mbele ya mlango. Akagonga.

"Hodi," alisema.

Ndani, kiti kililia kama kinavyolia mtu akiinuka.

Alisubiri kiasi kile, akafungua. Hakukuwa na mtu. Akakikalia kiti, na mbao zake zilikuwa na joto. Akafumba macho.

Ilikuwa saa sita mchana. Jiwe alilikuta pale pale. Alimaliza kula, akafuta mikono kwenye suruali, akakibeba chombo chake. Alisimulia kwa sauti, polepole, kwa kuwa aliona aibu kuharakisha tena. Alipima bonde hadi kwenye mti wa mwisho. Alicheka na wasaidizi wake. Aliteremka kilima, na mbwa akaja kumpokea njiani bila kubweka. Alivua viatu kizingitini. Wakati huo alisikia wazi kabisa kwamba hayuko peke yake. Upande wa pili wa meza, kwenye kiti cha shangazi, mtu alikuwa anasikiliza, anapumua taratibu, na pumzi zake zilikwenda sawa na za kwake. Hakufumbua macho. Alipika, akala, akaosha sahani moja. Alikaa mlangoni kutazama giza la huko. Alilia kidogo, maana kulikuwa kuzuri.

"Nimeingia ndani," alisema mwisho. "Nimefunga mlango wa buluu. Nazima taa."

Ile pumzi ya pili ikakoma.

Alifumbua macho. Akasimama, akakishika kiti kwa mgongo, akakisukuma. Kilikuwa kizito, si uzito wa mbao. Ulikuwa uzito wa kumsukuma mtu mzima aliyekalia. Akasukuma kwa mikono miwili, bila hasira. Katikati ya njia kikawa chepesi ghafla, kikaingia chini ya meza na kugonga mguu wake.

Kesho yake Twiga alikuja. Alifumba macho, akaamka kabla ya jua, akaona unga umemrukia nyusi, tanuri linanguruma, dada yake anaimba kwa sauti mbaya huku akifunga mikate. Aliisimulia mpaka jioni, akazima taa. Alipoulizwa kuhusu kilima, alishangaa. "Kilima gani, mwalimu? Mimi kupanda ngazi tu ni mateso." Kiti alikisukuma kwa kidole. Akatoka mbio kwenda kuithibitisha nafasi yake.

Futi hakungoja kengele. Alikwenda moja kwa moja kumpa shangazi habari. Nyumba ilikuwa kimya, jirani aliyemwangalia alikuwa uani anaanika shuka. Futi alisimama nje ya mlango wa chumba, akagonga.

"Hodi, shangazi."

Kisha sauti ikatoka, nyembamba, ina uchangamfu ndani yake.

"Ni yupi?"

"Ni mimi."

Alisukuma mlango. Shangazi alikuwa amelalia ubavu, amegeukia kiti kilichokuwa kando ya kitanda. Kiti kilikuwa kimerudishwa vizuri kabisa chini ya meza ya dawa, na sakafuni mbele yake kulikuwa na matope, makavu, ya rangi ya udongo wa mlimani. Jirani wa uani alikuwa amevaa kandambili safi.

"Mwenzio amepita asubuhi kuniaga," alisema shangazi, macho yakifumba taratibu. "Kapendeza. Wewe kaa."