Jipu la Ini na Mke Aliyeitwa Mchawi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na ukinisikia napandisha sauti, nivumilie. Hasira yake haijanitoka.

Nilikuwa muuguzi kijana. Akaletwa hospitalini Saidi, mvuvi wa kijiji cha Bangwe, anachemka homa, macho ya njano, hataki mtu amguse chini ya mbavu za kulia. Kwa wiki kadhaa nduguze walikuwa wakimmezesha dawa za malaria bila kumpima, kisha wakamchanja chale tumboni. Nyuma yake aliingia kaka yake, Rashidi, amefura.

"Shikamoo daktari. Huyu kalishwa sumu na mkewe. Yule mwanamke wa Kidahwe tumeshamfukuza."

Hebu fikiria! Mariamu, huyo mkewe, ndiye aliyekuwa akimwosha na kumnywesha uji, na tangu mwanzo alilia mumewe apelekwe hospitali. Wakamtupia nguo zake barabarani wakimwita mchawi, majirani wanatazama.

Daktari wetu, mzee asiyependa maneno mengi, hakubishana. Alimpima Saidi kwa altrasaundi, ile mashine inayoonyesha picha ya ndani ya mwili, akaona jipu kubwa ndani ya ini. Akamchoma ganzi, akapenyeza sindano ndefu huku akiifuata ile picha. Usaha ukaja, mzito, wa njano, unanuka mpaka nikageuza uso. Maabara wakasema ni bakteria. Ndipo akamwita Rashidi.

"Huu ndio uliokuwa unamuua mdogo wako. Wakati wote mliokuwa mnatafuta mchawi, jipu lilikuwa linakua. Kamrudishe yule mama, na umwombe radhi mbele ya walewale waliomwona akifukuzwa."

Saidi aliwekewa dawa za mshipani, homa ikashuka. Nduguze kumwona tu amekaa kitandani, wakataka kuondoka naye! Daktari akakataa katakata, mpaka dawa ziishe. Akapona.

Mariamu alirudi kwa ajili ya mumewe. Rashidi akaomba radhi palepale barabarani, lakini Mariamu hajakanyaga kwa shemeji yake mpaka leo. Mimi simlaumu hata kidogo.

Mwanangu, homa isiyokwisha pamoja na maumivu ya mbavu za kulia ni mambo ya hospitali, tena mapema. Ukipewa dawa, maliza, hata kama unajisikia mzima. Na mgonjwa akiwa ndani, muulizeni anayemuuguza ameona nini, kabla hamjamtazama kwa jicho baya.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akulinde na maradhi, na auzuie ulimi wako usije ukamfukuza mtu asiye na kosa. Amina.