Vidole vya Kauzu
Mtaani walimwita kauzu, kama dagaa wakavu wasioonja tone la mafuta: haombi chumvi, hatoi pole, na ukimwamkia anaitikia akitazama viatu vyako. Hata wauza kabichi wa Mgeta walipita mlango wake bila kupiga hodi. Tangu kiwanda cha nguo kiuzwe na watu wapunguzwe kazi, yeye, aliyekuwa mpiga chapa wa barua ofisini mwa kiwanda hicho, hakukanyaga kwa mtu, si msibani si harusini. Jirani yake Chausiku ndiye aliyelieneza jina hilo.

Kwa hiyo siku alipofiwa na mumewe, Chausiku alishangaa kumwona kauzu akiingia, akaketi mwisho wa mkeka. Shangazi wa marehemu alikuwa akisimulia jinsi marehemu, Sufiani Mkude, alivyofanya kazi kiwandani miaka kumi na tisa, kisha barua ya kupunguzwa ikamlaza kitandani asiinuke tena. Kila alipolitaja jina hilo, vidole vya kauzu vililigonga gotini, herufi kwa herufi.

“Ile orodha ya waliopunguzwa uliipiga wewe?” Chausiku aliuliza.

“Ukurasa wa pili,” alijibu. “Jina la tano kutoka juu.”

Chausiku akawatazama wanawake waliojaa chumbani, mmoja mmoja, akakumbuka kuwa waume zao nao walipunguzwa kiwandani humo.