Nyumba ya Kimaka na Habari za Saa Saba

Marehemu kaka yangu Bakhit alikuwa mtu wa kibanda, ndivyo tulivyoliita soko la magendo la fedha. Alisimama Mbale, kando ya maegesho ya malori, akinunua shilingi za Kenya na kuziuza. Hakuipenda kazi ile hata siku moja. Lakini sisi ni Wanubi, wana wa askari wa zamani, na baada ya vita vya 1979, vilivyoiangusha serikali tuliyohesabiwa nayo, alikuwa akitaja jina lake tu ofisini, anaambiwa nafasi zimejaa.

Alitaka jambo moja: kumrudisha Mama Jinja. Nyumba yetu iko huko, mtaa wa Kimaka. Baba aliijenga kwa mafao yake. Tulipokimbia mwaka ule aliingia bwana mmoja, Mugweri. Vita vya msituni vilivyofuata vilipokwisha, mwaka 1986, tulimwendea. Akasema atatoka, ila arudishiwe gharama za mabati aliyoezeka, mbele ya mwenyekiti wa RC, yaani baraza la mtaa. Siku hizo mimi, Mama na Bakhit tuliishi chumba kimoja Malukhu, mtaa wa Mbale, pazia likitenga kitanda na meko. Kila alfajiri Mama aliuliza, "Lini?"

Siku ya Bakhit iliamuliwa na redio. Habari za saa moja zikisema kahawa imeshuka bei, au waasi wamekata njia ya Soroti, alikimbia kununua za Kenya kabla malori ya mpakani Malaba hayajafika. Soko lilifunguka saa mbili, na madereva watatu wa kwanza ndio waliopanga bei. Kufikia saa nne alikuwa ameshauza, awe amepata au amekosa.

"Bakhit, leo redio imekuambiaje?" mwenzake Asadu alimuuliza siku moja nilipompelekea chai.

"Imesema wewe ununue, mimi niuze."

"Mwongo! Betri zako zenyewe zimekwisha."

Alikuwa na sharti lake. "Shilingi ya Uganda usiivushe taarifa ya habari," aliniambia. "Redio ikiongea umeishika, utakuta umeshika karatasi."

Mwezi wa tano mwaka 1987 akawa na shilingi za Kenya za kutosha. Mugweri hakuzitaka, aliogopa kukamatwa nazo. Ilikuwa Ijumaa, ndani ya Ramadhani. Bakhit aliuza zote soko lilipofunguka, kwa bei nzuri kuliko zote alizowahi kupata, akazitia noti za Uganda katika gunia, juu akamwaga maharagwe. Nikafuatana naye, kwa sababu mwanamke mwenye maharagwe hapekuliwi sana.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alilipiga gunia teke. "We mama, hii nini?"

"Maharagwe, afande."

"Mnafunga, halafu mnabeba chakula? Shetani anawaonaje?"

"Jioni tutakula, afande."

"Haya, pita. Mniombee na mimi."

Tulifika Kimaka saa sita na nusu. Mugweri alikuwa barazani na mwenyekiti, hati iko mezani. Bakhit alifungua gunia, akatoa bunda la kwanza. Mugweri alikuwa bado anailamba ncha ya kidole ahesabu, adhana ikaita.

Mimi ndiye niliyesema. "Kaka, adhana."

Alinitazama, kisha akaitazama redio iliyokuwa dirishani kwa Mugweri. "Hajara, habari za saa saba."

"Mungu ametuambia tuache biashara. Leo ni Ijumaa."

Hakubishana. Na kwa kuwa katika kubadili fedha dini inataka mkono kwa mkono, naye alizoea hivyo, hakutaka kuacha jambo nusu. Alilirudisha bunda, akalifunga gunia, akaliweka begani.

"Nendeni," Mugweri alisema. "Nyumba haina miguu."

Tulisali. Tuliporudi tulimkuta amesimama.

"Bwana Bakhit, pesa yako imekufa. Redio imesema noti mpya. Mia inakuwa moja, na serikali inakata thelathini kwa kila mia."

"Mzee, tulikubaliana."

"Tulikubaliana pesa. Hii ni karatasi."

"Nilikwenda kusali, mzee."

"Na Mungu alikusikia. Na mimi pia amenisikia."

Mwenyekiti aliikunja hati.

Tulipanga foleni benki siku nyingi, na kilichorudi hakikununua nusu ya mabati yale. Soko lilipofunguka tena, shilingi ya Kenya ilikuwa juu sana, na Bakhit hakuwa nayo. Akaanza upya. Alipopata kidogo, Mugweri naye alipandisha bei. "Mimi na Mugweri tunasikiliza redio moja," alisema, akicheka kicheko cha mtu aliyefungiwa. Mwisho wa mwaka vita vya waasi vikafika karibu na Jinja, na hata njia ya kwenda kubembeleza ikafungwa. Mwaka 1990 serikali ikaruhusu ofisi za kubadilisha fedha. Wenye mtaji wakaingia ndani; yeye alibaki nje, mlangoni pao, anaita wateja kwa pesa ya chai.

Hakunilaumu kamwe. Hilo ndilo linalonibana. Swala siijutii, na Mungu anisamehe kama moyo unasema vingine. Ila nilisimama pale nikijua sharti lake, nikaona jinsi alivyoitazama redio, na sikusema, "Mpe kwanza, kisha twende mbio." Nilimuuliza shehe wetu. Alinijibu kwamba mtu hulipwa kwa nia yake. Nilirudi na jibu hilo, na uzito ukawa ule ule.

Malaria ilimchukua Bakhit mwezi wa kumi na moja mwaka huo wa 1990, kwa siku nne tu. Dini yetu haimcheleweshi maiti, na gari la kwenda Jinja hatukuwa nalo. Tulimzika Mbale kabla ya alasiri.

Baada ya arobaini Mugweri alituma mtu. Anarudi kijijini kwao. Atapokea chochote tulicho nacho. Nilimwambia Mama mbio mbio, nikidhani atalia kwa furaha.

"Bakhit amelala wapi?" aliniuliza.

"Hapa Mbale, Mama."

"Basi Jinja niende kwa nani? Mwambie akae."

Akageukia ukutani. Yule mjumbe alikuwa bado anangoja nje, nikatoka kumpa jibu.