Nilivyomponza binti wa Kikorea kwenye interview kwa salamu ya "umekula?"

Wakuu, heshima zenu, mlioko nyumbani na sisi tuliotawanyika.

Nina kisa kimenikaa kifuani tangu 2015, nikiwa hapa hapa Johannesburg. Mhusika mwenyewe ndiye aliyeniruhusu niandike. Watakaosema ni chai, basi kunyweni taratibu, ila mimi nilikuwepo na mguu wangu ulikuwa kwenye pedali ya cherehani.

Mimi ni fundi nguo, mtu wa Tanga. Miaka ile nilikuwa na kona yangu ndani ya duka moja la vifaa vya ushonaji kule Turffontein. Zipu, vifungo, nyuzi, bitana, vyote vya mwenye duka. Vyangu vilikuwa cherehani mbili, pasi na stuli.

Mwenye duka alikuwa mama wa Kikorea, mjane. Mtaani walimwita Mchina na alishachoka kuwasahihisha.

Mimi nilimwita Mama Hana, kwa jina la binti yake, kama tunavyoitana kwetu. Siku ya kwanza alinitazama muda mrefu mpaka nikadhani nimemkosea. Kumbe na kwao mama huitwa kwa jina la mtoto, na tangu ahamie huku ni marehemu mumewe tu aliyekuwa akimwita hivyo. Kuanzia siku hiyo chai yangu ya saa nne ilikuwa juu yake.

Hana mwenyewe alizaliwa Joburg. Miaka ishirini na nne, degree ya ualimu, Kiingereza cha Kisauzi, na Kizulu cha kutosha kugombana na dereva wa teksi. Mimi aliniita Fundi. Nadhani alishafika chuo ndipo alipogundua kwamba si jina langu.

Sasa shida yenyewe.

Bibi yake mzaa mama alikuwa Korea, kwenye mji mdogo, anaishi peke yake, na alikuwa ameanza kusahau. Alianza na sufuria jikoni. Zikafuata nyumba za majirani, kisha majina.

Mama Hana hakuweza kufunga duka, maana ndilo lililowalisha wote wawili. Hana akaamua ataenda yeye. Alisikia kule wanaajiri walimu wa Kiingereza kutoka nje, Msauzi anakubalika, na shule inatoa tiketi na chumba. Angefundisha mchana na jioni angekuwa kwa bibi.

Hicho ndicho kilichokuwa kinatukimbiza wakuu. Afike kabla bibi hajamsahau na yeye.

Akaanza kutuma maombi kwa maagent wa kazi hizo. Anatuma CV, anajibiwa siku hiyo hiyo kwa furaha tele. Wanaomba picha. Anatuma picha. Kimya.

Mara ya kwanza tukasema labda email haikufika. Mara ya nne hata mimi niliacha kujidanganya.

Agent mmoja alikuwa mkweli. Alimwandikia kwamba wazazi wa watoto wanalipia wamwone mwalimu mgeni, na yeye sura yake haina tofauti na ya wazazi wenyewe. Hana akanisomea ile email huku anajilazimisha kucheka.

Hebu fikirieni. Huku kila siku anaulizwa kwao ni wapi hasa. Akitaka kwenda huko kwao, anaambiwa hana ugeni wa kutosha.

Mimi nina tabia moja, mke wangu anaijua vizuri: jambo la mtu nikilibeba linakuwa langu. Nikawa namuuliza Hana habari za email kabla hata ya kumsalimia. Nikakosea kushona. Gauni la harusi la mteja mmoja niliweka mkono wa kushoto kulia, na nisingegundua kama bibi harusi asingelijaribu mbele ya wakwe zake.

Basi, mwezi wa sita, baridi kali, ikaja interview. Shule ya binafsi, tena kwenye mji wa bibi. Mkuu wa shule alikuwa mzee wa makamo, na picha alishaiona na hakukimbia. Ingekuwa video call, saa tatu asubuhi yetu, ambayo kwao ni saa kumi alasiri.

Mwaka ule ulikuwa wa load shedding, yaani mgao wa umeme, kwa hiyo siku tatu kabla nilikuwa naangalia ratiba ya umeme kuliko ninavyoangalia saa. Laptop tukaichaji kwenye saluni ya jirani. Tukapanga meza nyuma, kati ya makabati ya nyuzi, ukutani tukatundika kitambaa cheupe.

Na hapo wakuu ndipo nilipoingiza mdomo wangu.

Nilimwambia, "Hana, Kiingereza watakuwa nacho wote wanaoomba. Mwishoni mmwagie Kikorea kidogo, mzee ajue wewe ni damu yake."

Akaniuliza, "Niseme nini sasa, Fundi?"

Nikamwambia, "Salamu tu. Ile unayosalimiana na mama yako kila siku."

Mama Hana alikuwa mbele na mteja. Hakusikia. Laiti angesikia.

Interview ilienda vizuri kiasi kwamba niliacha kushona. Mzee anacheka, Hana anaeleza anavyofundisha watoto kusoma. Umeme upo. Mwishoni mzee akamuuliza kama ana la kuongeza.

Hana akatabasamu, akasema kwa Kikorea, "Bap mogosso?"

Maana yake, umekula?

Kwao ni salamu ya upendo, kama sisi tunavyoulizana umeamkaje. Mama yake alimuuliza hivyo kila akitoka shule, na yeye alimuuliza mama yake hivyo hivyo. Utotoni, kila walipompigia bibi Korea, hiyo ndiyo sentensi pekee aliyopewa simu aiseme. Bibi alikuwa anaisubiri.

Lakini Kikorea, wakuu, kina ngazi. Kuna cha nyumbani, cha mtoto na mama yake, na kuna cha kusema na mkubwa. Ukimuuliza mkubwa kama amekula, neno la chakula linabadilika, la kula linabadilika, na mwisho wa sentensi unabadilika. Hana alimuuliza mkuu wa shule kama unavyomuuliza mdogo wako wa mwisho.

Nilimwona mzee usoni. Hakukasirika. Aliufunga uso tu, kama mtu anayefunga kitabu. Akasema kwa Kiingereza kwamba watawasiliana, picha ikakatika.

Mbele ya duka boksi la vifungo lilianguka. Mama Hana alikuwa amesikia.

Alikuja nyuma akaongea Kikorea kwa sauti ya juu, kisha katikati ya maneno akakaa chini juu ya marobota ya bitana na kuanza kulia. Baadaye akaniambia, "Fundi, mgeni angesema hivyo wangecheka, wangempigia makofi. Huyu ana sura yetu. Wameona mtoto asiye na mama."

Halafu akasema lililoniuma zaidi: "Heshima ya wakubwa ningemfundishia kwa nani? Hapa kulikuwa na mimi na baba yake tu."

Na ni kweli. Wakorea wenzao walikuwa mbali, ng'ambo ya jiji, pande za Sandton, na yeye Jumapili alikuwa anafungua duka. Kikorea cha Hana hakikuwahi kutoka nje ya ile nyumba.

Hana alinitazama. "Eish, Fundi. Nimeharibu, né?"

Niliona aibu mpaka masikioni, kwa sababu aliyeharibu ni mimi.

Tena mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko wote. Niwape kidogo ya nyumbani kwangu. Binti yangu Mwanaidi amezaliwa huku, wakati ule alikuwa na miaka saba. Kiswahili anakisikia, anakijibu kwa Kiingereza. Tukienda Mayfair kuswali, watoto wa Watanzania wenzetu hunipa shikamoo, nami naitikia marahaba. Yeye akajumlisha hesabu zake. Siku moja nikampa simu amsalimie babu yake Tanga, akasema kwa nguvu, "Marahaba, babu!"

Mzee akasema, nipe baba yako. Maneno niliyoambiwa siyaandiki hapa, mods wataufunga uzi.

Tuendelee.

Ile kazi haikupatikana. Na wiki hiyo hiyo jirani wa bibi alituma habari: bibi amemuuliza huyu mwanamke anayempigia simu kutoka Afrika ni nani. Alikuwa anamzungumzia Mama Hana, binti yake wa kumzaa.

Hapo hofu ikawa hofu kweli. Mama Hana aliacha kula mchana. Cheti cha polisi cha Hana kilikuwa bado, vyeti vya chuo vilikuwa Pretoria kugongwa muhuri, na kila siku iliyopita tuliona ni siku bibi anayosogea mbali.

Mama Hana akaanza kumnoa binti yake Kikorea cha wakubwa. Lakini alihitaji mkubwa wa kusalimiwa, na yeye mwenyewe hakufaa, maana kila Hana alipomtazama ulimi ulirudi nyumbani. Nikateuliwa mimi.

Kila asubuhi kabla ya wateja nakaa kwenye stuli, shati nimechomekea. Hana anakuja, anainama, ananiuliza kwa Kikorea cha juu kabisa kama mheshimiwa amekwisha kupata chakula. Naitikia kwa kichwa. Mama yake anasahihisha. Anarudi mlangoni, anaanza upya.

Siku moja Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu mwenye saluni ya jirani, akaingia kuchukua blauzi yake na kutukuta hivyo. Akasimama mlangoni ameshika kiuno.

"Fundi, huyu mutoto anakuinamia juu ya nini? Ulishakuwa mwami na hautuambii?"

Mwami kwao ni mfalme; tulicheka siku hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi.

Mwezi wa tisa interview nyingine ikaja, shule ndogo, mwendo wa basi moja tu hadi kwa bibi. Mkuu alikuwa mama. Hana alimwamkia kwa Kikorea kilichonyooka mpaka mama yake, aliyejibanza nyuma ya kabati, akaziba mdomo.

Yule mkuu akafurahi. Akampa kazi pale pale. Kisha akataja sharti moja.

Asiongee Kikorea. Darasani, kwenye korido, mbele ya wazazi, hata neno moja. Watatangaza ana asili ya huko lakini ametoka Afrika na hajui lugha. Wazazi watalipa vizuri zaidi hivyo.

Wiki zote zile za kuniinamia mimi! Hana akasema sawa. Angekubali hata kufundisha amejifunika gunia, ilimradi afike.

Vyeti vikatoka, visa ikatoka. Uwanja wa ndege Mama Hana alimshika binti yake kola, akaikunjua, akaikunja tena. Nami nilimpa Hana suti niliyomshonea, mikono yote mahali pake.

Jumapili yake ya kwanza kule, saa tano asubuhi yetu, alitupigia video akiwa kwa bibi. Tulikuwa dukani, mimi na mama yake tumeegemea kaunta. Simu ya Hana ilikuwa imesimamishwa mezani, tukawaona wote wawili.

Bibi alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyodhani, amekaa sakafuni na blanketi miguuni. Hana amevaa ile suti. Akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mikono, akamsalimia kwa Kikorea kile cha juu. Kila neno lilikuwa mahali pake. Mimi mwenyewe nilikuwa nayajua yote.

Bibi naye akainama. Akamjibu kwa adabu hiyo hiyo, kisha akauliza kitu. Mama Hana akanitafsiria: "Anauliza, mgeni huyu katoka ofisi gani?"

Wakuu, sijawahi kuchukia adabu kama dakika ile.

Hana alijitambulisha tena, bado kwa adabu. Bibi akatikisa kichwa kwa upole na kumsogezea sahani ya matunda, kama mgeni. Mama Hana aligeuza uso akawa anapanga zipu ambazo zilikuwa zimepangwa.

Kisha Hana, nadhani kwa kukata tamaa tu, akaacha kupiga magoti, akakaa vibaya kama anavyokaaga juu ya marobota yetu, akasema:

"Halmoni. Bap mogosso?"

Bibi, umekula?

Yule bibi aliinua kichwa. Akamtazama, akatazama suti, akamtazama tena. Akanyoosha mkono, akamshika sikio.

"Hana," akasema. "Wewe je, umekula?"

Mama Hana alikaa chini pale pale sakafuni mwa duka. Mimi nilienda kugeuza kibao cha mlangoni kisomeke CLOSED, maana mteja alikuwa anakuja na sikuwa na uso wa kumhudumia mtu.

Bibi aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya hapo. Siku nyingine alimjua mjukuu wake, siku nyingine hakumjua mpaka aulizwe kama amekula. Hana mchana alikuwa Mwafrika asiyejua Kikorea, jioni alikuwa mtoto.

Nilichojifunza? Kwanza, nisishauri watu mambo ya interview. Pili, hizi adabu tunazowalilia watoto waliozaliwa huku ni za lazima, nami bado namfundisha binti yangu shikamoo. Lakini siku hizi simkaripii. Wiki ile ile ya video ya bibi nilimpa simu, akarudia yale yale, "Marahaba, babu!" Nikafumba macho nisubiri ghadhabu ya mzee.

Mzee akaitikia, "Shikamoo, mjukuu wangu," akacheka mpaka akakohoa.

Haya wakuu, ninyi mnaolea watoto ugenini, wanawasalimiaje wazee wenu kwenye simu? Semeni ukweli. Na kama kuna aliyewahi kuambiwa kwao kwamba si mgeni wa kutosha, uwanja ni wako.