Nguvu Niliyoitafuta Sahanini

Mwaka jana sikuweza kutulia mahali. Nikiwa nyumbani Wabera nilitaka barabara. Nikiwa barabarani na lori la mbuzi kutoka soko la Oldonyiro, nilitaka nyumbani, na nikikaribia nyumbani naingiwa na hofu. Nina ugonjwa wa sukari, na kitandani nilikuwa nimekwisha. Miezi ilipita sijamgusa mke wangu. Nilimwambia ni uchovu wa safari. Akajibu, "Sawa." Afadhali angenitukana.

Kwetu mwanamume akiishiwa nguvu haambiwi aende hospitali, anaambiwa ale. Madereva wenzangu walinipangia dawa: supu ya mifupa, figo, maini, mapumbu ya beberu, na juu yake nyirinyiri, ile nyama ya vipande vidogo inayokaangwa ikahifadhiwa ndani ya mafuta. Nilikula asubuhi, nikala jioni, nikala hata nikiwa nimeshiba, kwa ujinga wangu mwenyewe. Nguvu haikuja. Kilichokuja ni maumivu ya kidole gumba cha mguu wa kushoto. Kilivimba kikawaka moto, shuka ikikigusa tu napiga kelele. Klachi sikuweza kuikanyaga.

Daktari alikuwa mama mmoja wa Kimeru, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Alinipima damu akasema, "Mzee, hii ni jongo. Asidi ya yuriki iko juu sana, na hiyo nyama unakula inaongeza."

Basi nikamweleza na lile lingine, macho yangu ukutani. Hakucheka. Akaniambia nirudi asubuhi mapema nipimwe homoni ya kiume, testosteroni. Nilirudi mara mbili, na mara zote ikawa chini.

"Kwa wanaume wa sukari hizi mbili mara nyingi zinapatikana pamoja," akasema. "Yuriki iko juu, homoni iko chini. Lakini gani inavuta ingine, hatujajua vizuri."

"Kwa hivyo ni nyama ama si nyama?"

"Nyama imekuletea mguu. Hiyo ingine siwezi kukudanganya."

Nilikasirika. Nilitaka mkosaji mmoja, nimlaumu, nilale. Yeye akaendelea kuandika, kisha akauliza kama mke wangu anajua. Nikarudisha macho ukutani. "Mficha uchi hazai, mzee," akasema. Nina watoto watano, lakini nilimwelewa.

Nilimwambia mke wangu jikoni siku hiyo hiyo. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena, nikamsomea karatasi ya vipimo kama mtu anayejitetea mbele ya chifu. Nilieleza yote, hata mapumbu ya beberu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Na yule wa Oldonyiro?" akauliza.

"Nani wa Oldonyiro?"

"Bibi yako. Si umeoa huko?"

Nikaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba sina mke mwingine popote. Akakaa chini polepole, akajifunika uso kwa mtandio, akalia. Nami nililia, sioni haya kusema.

"Nilishaambia mama huko Korbesa nitarudi kwake baada ya Idi," akasema. "Nguo nimetuma kidogo kidogo."

Nikachechemea hadi chumbani, nikafungua kabati. Upande wake ulikuwa mtupu. Miezi yote hiyo nililala hatua mbili kutoka hapo, na sikuwa nimeona.